Anayemlipa Mwalimu

Katika Annexe, komini inayoizunguka Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, shule nyingi za umma zina mabwana wawili: kanisa linaloziendesha na serikali inayotuma mkaguzi. Chimbuko la mpangilio huo ni mkataba wa 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru la Kongo: misheni zilipewa ardhi, nazo zikafungua shule na kufunza walimu. Mwaka 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule hizo. Mwaka 1977 akayarudishia makanisa uendeshaji kwa mkataba mpya, serikali ikibaki na mtaala, mishahara na ukaguzi.

Wapo wanaosema kasoro yote ya shule hizi ni huo uongozi wa pande mbili. Hoja hiyo ina uzito, lakini miaka ya 1990 inaonyesha jingine. Mishahara ilipoporomoka, wazazi ndio waliomlipa mwalimu, na mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani, mkaguzi awepo asiwepo. Hata mwalimu aliyefunzwa vizuri chuoni hafundishi vizuri akiwa na njaa. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza 2019, itasimama iwapo tu serikali itamlipa kila mwalimu kwa wakati. Usimamizi wa kweli huanzia kwenye mshahara.