Senene, kamera na jina lililokosewa

Leo nawaletea habari za senene, na msishangae: ni habari za tarakilishi pia.

Majuzi nilijaribu kuandika programu ya kutambua senene kwa picha. Nikakusanya picha, nikaifunza, nayo ikanijibu bila haya kwamba wa kijani ni spishi moja na wa kahawia ni nyingine. Uongo mtupu. Senene anayeliwa huku kwetu Afrika Mashariki, nsenene wa Waganda, huwa wa kijani, wa kahawia, hata mwenye michirizi ya zambarau, na wote ni Ruspolia differens.

Nilijicheka. Kisha nikasoma historia, nikaona mabingwa walinitangulia kukosea. Mfaransa Audinet-Serville alimpa mdudu huyu jina differens mwaka 1838. Hata hivyo, miaka mingi ya karne ya 20 maandishi mengi ya kitaalamu yalimwita Homorocoryphus nitidulus, jina la binamu yake wa Ulaya. Siwalaumu sana. Mtu wa makumbusho alikuwa na mdudu mkavu aliyechomwa pini, rangi imefifia, sauti hana.

Na sauti ndiyo mambo yote! Dume huimba kwa kusugua mabawa: chini ya bawa la kushoto kuna mshipa wenye meno kama tupa, nao hukwaruzwa na ukingo wa bawa la kulia. Jike husikia kwa masikio yaliyo kwenye miguu ya mbele (naam, miguuni), akamfuata dume mwenye wimbo wa kwao. Mwaka 1971 Bailey na Robinson waliandika katika jarida la Animal Behaviour kwamba huenda wimbo ndio unaozuia spishi za kundi hili kuchanganyika. Mwaka 1975 Bailey akapitia upya spishi za Ruspolia za Afrika.

Sasa tuje kwenye mtandao. iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2017 inaweza kupendekeza jina la mdudu kwa kutazama picha. Lakini mashine hujifunza kutokana na majina yaliyobandikwa na watu. Mkibandika nitidula chini ya picha ya senene wa Kampala, nayo itakariri nitidula, na kosa la zama za pini litarudi likiwa limevaa suti mpya.

Basi nimeanza upya. Nataka picha ya ubavuni, ya paji la uso lililochongoka, na ya vijikoleo vya dume kwenye ncha ya tumbo. Juu ya hayo, sauti iliyorekodiwa kwa simu usiku, hata kama ni sekunde 10 tu. Rangi nimeipa uzito mdogo kabisa. Mpaka sasa picha nilizofuta ni nyingi kuliko nilizobakiza.