Daftari la Saa na Dakika

Mnamo tarehe 1 Januari, 1916, kijana mmoja wa Kirusi, Aleksandr Lyubishchev, mtaalamu wa wadudu, alianza kuandika daftarini muda alioutumia kwa kila kazi. Hakuacha hata alipofariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo 56 yalipita mapinduzi ya 1917 na vita vya 1941 hadi 1945.

Wengi hulijaribu jambo hili wakachoka kabla mwezi haujaandama. Yeye aliwezaje? Aliandika kwa ufupi. Siku moja ya Aprili 1964, mjini Ulyanovsk, kazi ya kuchora wadudu wawili asiowajua aliiandika kwa mstari mmoja tu: muda wa saa 3 na dakika 15. Barua, gazeti, riwaya, vyote vilipata mistari yao. Vipindi vya kupumzika alivitoa katika hesabu. Maelezo marefu hakuyataka, maana shajara ya namna hiyo ingalimla muda uleule aliotaka kuulinda. Kazi nzito ilikuwa kujumlisha: kila mwezi saa chache, na mwisho wa mwaka zaidi ya siku nzima ya kazi.

Hata hivyo, ufupi huo ulikuwa na gharama yake. Daniil Granin, aliyetunga kitabu juu ya maisha yake mwaka 1974, alizikuta kurasa hizo kavu kama daftari la duka. Humo twaweza kujua gazeti lilisomwa kwa dakika ngapi. Kama habari zake zilimfurahisha msomaji au zilimliza, hatujui.