Vidole vya Likasi: historia ya mikono yenye kuumia

Mimi ni mutu wa udongo, hapana wa dawa. Lisansi yangu ni ya agronomi, na mu miaka yote ya masomo nilifunza kutazama majani, mizizi na rangi ya ardhi. Lakini hapa Kamatanda, mbele ya mimea, kitu chenye ninaona kila siku ni mikono: ya ba creuseur wenye kutoka asubuhi na nyundo na musumari mukubwa, ya bamama wenye kuosha mawe, ya batata wenye walitumika zamani ku Gécamines na leo wanashika lukasu. Nikaanza kusoma historia ya magonjwa ya mikono, na nikaona kama muji wetu uko ndani ya historia ile kuliko vile tunafikiri.

Tuanze na kile chenye kila mutu wa Likasi anajua nusu. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka wa 1906. Reli ilifika Elisabethville mu 1910. Likasi ikakuwa muji wa viwanda, mu 1931 wakaipa jina la Jadotville, na jina lile likabaki mpaka 1966. Vitabu vinahesabu tani za shaba. Mikono yenye ilitoa tani zile, hakuna mwenye kuihesabu.

Mu ma mine ya dunia yote, wakati ule ulikuwa wa mashine za kutoboa mawe kwa nguvu ya upepo. Mashine ile inatetemesha mukono muzima. Mu 1911 Muitaliano Giovanni Loriga aliandika juu ya wafanyakazi wenye vidole vyao vilikuwa vinakufa ganzi. Mu 1918 mama munganga Alice Hamilton alienda Bedford, mu Indiana, Marekani, kuangalia wachonga mawe: asubuhi ya baridi vidole vyao vilikuwa vyeupe sawa vya maiti, zaidi ku mukono wa kushoto, wenye kushika chuma chenye kinapigwa. Kutetemeka kunaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Baridi ikiingia, mishipa inajifunga na damu haifike ku ncha. Uingereza, yenye viwanda vya zamani namna ile, iliingiza ugonjwa huu mu orodha ya magonjwa ya kazi yenye kulipwa mu 1985 tu! Miaka makumi saba na kitu kisha Loriga.

Matunzo yake ni madogo. Mutu aache mashine mapema, afunike mikono, aache tumbaku. Munganga anaweza kumupa nifedipini, dawa yenye kufungua mishipa. Ikikawia sana, ganzi haitoke tena. Na sisi wa Likasi tusidanganyike na jua: mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi hapa inauma. Juu ya ngozi nyeusi weupe ule hauonekane muzuri, tazama chini ya kucha. Mutu wa mashine mwenye vidole vyake vinakufa hivi asubuhi, tusikimbilie kusema ni ulozi.

Lakini kile chenye kilinishika zaidi ni Shinkolobwe, pale karibu, kilometa kama 20 kutoka Likasi. Mu 1915 Muingereza Robert Sharp, mwenye alitumika kwa Union Minière, alipata pale mawe ya urani. Kuchimba kulianza mu 1921, na mu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kutoa radiumu ndani ya mawe yetu. Yalikuwa tajiri kupita yale ya Marekani, na kwa muda kidogo Wamarekani wakafunga kazi yao ya radiumu, maana bei iliwashinda.

Sasa tuangalie miaka. Mu 1922, ubaya wa radiumu ku ngozi ulikuwa umeisha kujulikana miaka 20 na zaidi. Mu 1901 Henri Becquerel alitembea na kichupa cha radiumu mu mufuko wa kizibao, na ngozi ya chini yake ikaungua. Pierre Curie alijifunga radiumu ku mukono kwa kusudi, saa 10 tu. Siku 52 kisha pale, kidonda kilikuwa bado. Wawili hao wakaandika pamoja, mwaka ule ule, kama ncha za vidole vyenye kushika vichupa zinakuwa ngumu, zinauma, na ngozi inatoka. Marie Curie alibaki na vidole vyenye kuharibika mpaka mwisho. Upande wa eksirei ilikuwa mbaya zaidi: Clarence Dally, mwenye alitumika kwa Edison, alikatwa mikono yote miwili na akakufa mu 1904. Waganga wengi wa eksirei walipitia njia moja: ngozi inakauka, kucha zinapasuka, kidonda kidogo kinakataa kupona, kisha kansa, kisha kisu, kidole kimoja kimoja.

Ku Shinkolobwe mawe yalichaguliwa kwa mikono.

Ninaandika sentensi ile na ninasimama kidogo. Mu masomo tulifunza radiumu, tulifunza Marie Curie, tulifunza hata kama mawe ya Shinkolobwe ndiyo yenye Edgar Sengier alituma New York mu 1940, zaidi ya tani 1,000, na kama yaliingia mu bomu ya Hiroshima. Vidole vya Becquerel viko mu vitabu. Vidole vya tata mwenye kuchagua mawe haviko. Mwenye kuandika historia ya Likasi kesho, na ninaamini ni mumoja wetu hapa, atafute na kwa upande ule.

Mu mwezi wa 1 wa 2004 Rais wa Jamuhuri alikataza kuchimba Shinkolobwe. Watu waliendelea, juu njaa haisomi amri. Kwa mukono wenye umeungua na mionzi hakuna mafuta ya kuponyesha: wanasafisha, wanaweka ngozi yenye kutoka fasi ingine ya mwili, ao wanakata. Njo maana jiwe la kule halisagwe nyumbani, na mikono inaoshwa mbele ya kushika bukari.

Sasa turudi Kamatanda, ku kitu kidogo chenye kuharibu mikono mingi kuliko mionzi: panari. Kipande cha jiwe, muiba, ao kucha yenye kuvutwa na meno, na kisha siku mbili kidole kinapiga sawa moyo. Jirani wangu mumoja, muchimbaji, kilimupata ku kidole cha kati. Mutu wa mutaa akamukata na wembe, kwa kina na fasi mbaya, akamufunga na kitambaa. Kisha juma moja mukono wote ulikuwa umevimba. Kidole kiko pale mpaka leo, lakini hakikunjike. Hawezi tena kushika nyundo muzuri, na nyundo ndiyo ilikuwa inalipa masomo ya batoto wake.

Munganga wa Chicago, Allen Kanavel, ndiye alieleza sababu, mu kitabu chake cha 1912 juu ya usaha wa mukono. Alisukuma vitu mu mikono ya maiti kusudi aone njia zenye usaha unapita. Akaonyesha kama kamba yenye kukunja kidole inatembea ndani ya kifuko kama mulija, na usaha ukiingia mule unakimbia haraka mpaka mu kiganja. Alituachia alama zenye hata mutu wa agronomi anaweza kutazama: kidole kimevimba chote, hapana ncha tu, kinabaki kimekunjika nusu, kukinyosha kunaleta maumivu makali, na ukikibonyeza upande wa kiganja, kinauma kwa urefu wote. Ukiona vile, hakuna kungojea kesho. Ni kwenda ku hospitali siku ile, wakifungue, wakioshe, waweke antibiotiki. Kumbuka kama Kanavel aliandika mbele ya penisilini, yenye ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mu miaka ya 1940. Wakati wake kisu chenye kujua njia ndicho kilikuwa dawa.

Panari yenye iko bado ndogo, nyekundu tu pembeni ya kucha, bila usaha, inaweza kutulia kwa maji ya vuguvugu mara tatu ao ine kwa siku na kuacha kidole kipumzike. Usaha ukionekana, munganga ao mufirimie afungue. Hapana mavi ya ngombe, hapana maji ya batri (nimeona kwa macho yangu). Na muulize juu ya chanjo ya tetanosi.

Kwa sisi wa lukasu kuko mengine, nitapita mbio. Kidole chenye kukwama kimekunjika, kisha kinafunguka kwa kuruka: Mufaransa Notta alikieleza mu 1850, ni kamba yenye imevimba na haipite muzuri mu kifuko chake. Kupumzika, kukifunga na kijiti, sindano ya kortizoni, ao upasuaji mudogo. Maumivu upande wa kidole gumba, zaidi kwa bamama wenye kubeba mutoto muchanga: de Quervain, Muswisi, 1895, na matunzo yanafanana. Ganzi ya butuku mu gumba, kidole cha shahada na cha kati, ya kushituka na kukung'uta mukono: mushipa wa fahamu unabanwa ku kiwiko kidogo cha mukono, pale penye saa inakaa. James Paget aliiona mu 1854, George Phalen wa Marekani akaifanya ijulikane mu miaka ya 1950. Kifunge mukono ukiwa umenyoka wakati wa kulala. Ikizidi, wanakata kile chenye kubana. Na kale kauvimbe laini nyuma ya kiganja, chenye wazee wa Ulaya walikuwa wanapiga na Biblia kusudi kipasuke: kisipouma, kiache tu. Vingi vinaenda vyenyewe.

Ukoma unaomba maneno zaidi, juu nchi yetu ingali mu zile zenye kuwa na wagonjwa wengi mu Afrika. Hansen wa Norwe alipata kidudu chake mu 1873. Watu waliendelea kusema kama ukoma unakula vidole. Paul Brand, Muingereza mwenye alitumika Vellore, mu India, kisha vita ya pili ya dunia, aliangalia wagonjwa wake kwa karibu: kidudu kinaua fahamu, na mutu mwenye hasikii anashika sufuria ya moto, anakaza mupini mupaka ngozi inapasuka, hajui. Vidonda ndivyo vinakula vidole. Brand alianza pia kuhamisha kamba za misuli ili mukono wenye umekunjika sawa makucha ufunguke, na watu wakarudi ku kazi.

Tangu 1982 dawa zinapewa pamoja, leo ni tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Miezi 6 kwa mwenye alama kidogo, 12 kwa mwenye alama nyingi, na ni za bure tangu 1995. Mwenye fahamu zimeisha kufa, dawa hazizirudishe, lakini vidole anaweza kuvichunga: kuvitazama kila mangaribi, kufunga kitambaa ku mupini wa lukasu, kuweka mikono mu maji nusu saa, kisha kupakaa mafuta mbele haijakauka.