Bao Lililoingia Ndani ya Nokia

Mtoto wa Likoni, Mombasa, aliyetaka kucheza gemu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakuhitaji televisheni wala kompyuta. Alihitaji mtu mzima mwenye simu na moyo mwepesi. Ombi lilikuwa lile lile nyumbani, kwenye foleni ya feri na juu ya mchanga wa Shelly Beach siku za Idi: ami, nipe simu nicheze nyoka kidogo. Ami akikubali, mmoja alicheza na wengine wakamzunguka, kila mtu akimwelekeza pa kukata kona na kuulizia zamu yake.

Simu hiyo mara nyingi ilikuwa Nokia 3310. Kampuni ya Nokia ya Finland iliitangaza Septemba 2000, mwaka ule ule ambao Safaricom na KenCell zilianza kushindania wateja wa simu za mkononi nchini Kenya. Kabla ya hapo simu ilikuwa kitu cha ofisini au cha nyumba za wenye uwezo, imefungwa kwa waya, na aliyetaka laini mpya alijiandaa kusubiri. Sasa simu ikawa inaingia mfukoni. Nokia iliuza 3310 zipatazo milioni 126 duniani, na sifa zake zilijulikana kila mahali: ilianguka, ikaokotwa, ikaendelea kufanya kazi, na betri yake ilidumu siku kadhaa. Penye nyumba zisizo na umeme, sifa hiyo ya pili ndiyo iliyowapa watoto nafasi, kwa sababu mwenye simu hakuogopa kwamba nusu saa ya mchezo ingemzimia.

Kupiga simu kulikuwa ghali. Watu wengi walibipu wakakata, wakangoja kupigiwa. Gemu haikula hata senti moja ya kadi ya salio ya Bamba, kwa hiyo mtu mzima ambaye asingethubutu kumwachia mtoto simu apige, alimwachia acheze.

Aliyependwa kwanza ni nyoka. Asili yake ni gemu ya Blockade, iliyotolewa mwaka 1976 na kampuni ya Gremlin ya Marekani, ambamo wachezaji waliacha ukuta nyuma yao kila walipopita na kujitahidi wasiugonge. Mwaka 1997 mhandisi wa Nokia, Taneli Armanto, aliliandikia wazo hilo programu ya simu ya Nokia 6110, na toleo la pili, Snake II, ndilo lililokuja ndani ya 3310. Kioo kilikuwa na vitone 84 kwa 48 tu. Kitufe cha 2 kilimpeleka nyoka juu, cha 8 chini, cha 4 kushoto na cha 6 kulia. Alikula, akarefuka, na kadiri alivyorefuka ndivyo alivyokaribia kujiuma mwenyewe. Katika toleo hili aliweza kutoka upande mmoja wa kioo na kuibukia upande wa pili, na mara moja moja kijidudu kilijitokeza kwa muda mfupi kikiwa na alama za ziada.

Simu ilihifadhi alama za juu kabisa bila jina la aliyezipata. Ubingwa wa nyumba ulitunzwa vichwani mwa watu, na ulibishaniwa sana.

Likoni ilikuwa na sababu zake za kuithamini gemu ya mfukoni. Mkondo unaoitenganisha na kisiwa cha Mombasa una upana wa takriban nusu kilomita, na feri hubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi nauli, lakini husubiri: feri ikiharibika au meli ikipita kuelekea bandari ya Kilindini, umati hujaa hadi kwenye mteremko. Mwanafunzi, kuli, mama mwenye kikapu cha samaki, wote walikuwa na dakika za kujaza. Nyoka alizijaza.

Lakini katika orodha ile ile ya gemu palikuwa na nyingine, iliyozungumziwa kidogo na ambayo kwa Pwani ina hadithi nzito zaidi. Iliitwa Bantumi. Ukiifungua, kioo kilionyesha safu mbili za mashimo sita sita na ghala moja kubwa kwa kila mchezaji. Unachagua shimo, unachota kete zote, unazitia moja moja katika mashimo yanayofuata. Mpinzani ni simu yenyewe. Mtoto aliyekulia karibu na baraza la wazee hakuhitaji maelezo ya Kiingereza. Lilikuwa bao.

Bao la Kiswahili ni la zamani kuliko simu zote, na linachezwa kutoka Lamu hadi Zanzibar na bara pia. Lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64 ambazo kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Kwanza hunamua, akiingiza kete moja moja; akizimaliza za mkononi huingia hatua ya mtaji. Kete zinazoliwa hazitoki mchezoni. Aliyezila huzisambaza upande wake, kwa hiyo aliyekuwa akizama anaweza kugeuza mambo kwa mkono mmoja. Mtafiti wa Uholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuandika kitabu juu ya uwezo wao wa kupiga hesabu za mbali kichwani.

Bantumi haikutoka moja kwa moja kwenye baraza hilo. Kanuni zake ni za Kalah, mchezo uliotungwa Marekani mnamo 1940 na William Julius Champion kutokana na michezo ya aina hii, iliyoenea Afrika na Asia. Kalah hutumia safu mbili tu, na kete zikishaingia ghalani hazirudi. Kwa mchezaji wa bao la Kiswahili huo ni mchezo wa kujifunzia. Hata hivyo, umbo la mchezo lilikuwa limezunguka Marekani na Finland hadi kuingia mfukoni mwa abiria wa feri ya Likoni, na huko likamkuta mwenyewe.

Zamu za watoto zilipungua taratibu. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa, simu ikawa pochi, na pochi haiazimwi kirahisi. Mwaka 2011 Huawei IDEOS ilianza kuuzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, na gemu zikahamia kwenye vioo vya kugusa. Mwishoni mwa Septemba 2012 serikali ikazima simu bandia zaidi ya milioni moja, zikiwemo nyingi zilizoiga Nokia. Mwaka 2017 kampuni ya HMD ilitoa Nokia 3310 mpya yenye nyoka wa rangi, ikijua wazi kwamba wanunuzi walikuwa wakiutafuta utoto wao.

Nyoka hachezeki bila simu. Bantumi inachezeka, na Shelly Beach ina kila kitu kinachohitajika: maji yakitoka, mchanga huwa mgumu kiasi cha kuhifadhi mashimo. Chimba sita upande wako, sita upande wa mwenzako, na ghala kila mwisho. Tia kokoto nne katika kila shimo, 48 kwa jumla, usambaze kinyume cha mwendo wa saa, ukiruka ghala la mwenzako. Kokoto ya mwisho ikiangukia ghalani mwako, cheza tena. Ikiangukia shimo lako lililokuwa tupu, chukua hiyo pamoja na zote zilizo mkabala wake. Upande mmoja ukiisha kokoto, hesabuni. Na akipita mzee anayejua kunamua, aombwe aongeze safu mbili, na mashimo mengine mawili mawili katika kila safu, awafundishe watoto bao lenyewe.