Misimbo ya siri ya simu

Misimbo ya siri ya simu ni mifuatano ya nyota, reli na tarakimu ambayo ikibonyezwa mahali pa kupigia namba hufungua taarifa au mipangilio isiyoonekana kwenye menyu ya kawaida. Mkoani Tanga, kama kwingineko Tanzania, unaojulikana kuliko yote ni *#06#. Hauhitaji salio, laini wala kitufe cha kupigia: reli ya mwisho ikiguswa tu, namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI, hutokea kwenye kioo.

IMEI ina tarakimu 15. Nane za kwanza hutambulisha kampuni na toleo, sita zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na zile 14 kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili.

Kilichoutoa msimbo huu mikononi mwa mafundi ni hatua ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Rajisi ya namba hizo ilianza kazi Desemba 2015, na simu feki zikapangiwa kuzimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Wananchi waliambiwa wapige *#06#, watume tarakimu kwa ujumbe kwenda 15090, kisha wasome jibu. Jibu likitaja kampuni tofauti na iliyoandikwa mgongoni mwa simu, mwenye simu alikuwa ameshauziwa kanyaboya. Kwa anayenunua simu iliyotumika, iwe Ngamiani, Muheza au Pangani, kipimo ni hicho hicho: namba ya kwenye kioo, ya kwenye boksi na ya kwenye risiti zilingane kabla hela haijatoka mfukoni. Kuibadili IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Watu wengi huuweka msimbo huu kapu moja na *150*00# ya M-Pesa au *106#, ambayo humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwa sura zinafanana, kwa kazi hapana. Hizi mbili za mwisho hujibiwa na mitambo ya mtandao; simu kazi yake ni kupeleka ombi na kuleta majibu. Toa laini uone: *#06# itaendelea kujibu, *150*00# haitajibu kitu.

Wanaoijua tofauti hiyo vizuri kuliko wengi ni matapeli. Msimbo unaoanza na **21* na kufuatiwa na namba ya mtu huhamishia simu zote kwake, na kwa kuwa agizo hilo hukaa kwenye mtandao, kubadili simu hakusaidii. *#21# huonyesha kama simu zinahamishwa, na ##002# hufuta uhamishaji wote. Meseji za kitapeli hupelekwa 15040.

Kwenye simu nyingi za Android, *#*#4636#*#* hufungua ukurasa wa vipimo vya mtandao, na humo mtumiaji anaweza kuilazimisha simu ibaki kwenye 4G pekee. Ni dawa ya maeneo ambako simu hurukaruka kati ya 4G na 3G, lakini ina madhara yake: kama simu au mtandao hauna huduma ya kupigiana kwa 4G, intaneti itakwenda vizuri na simu za kawaida hazitaingia. Mwenyewe ataona vijiti vyote vimejaa huku wanaomtafuta wakiambiwa hapatikani, na pengine aende kubadilisha laini isiyo na kosa. Kampuni nyingine zimeufunga ukurasa huo, ndiyo maana orodha za misimbo zinazozunguka kwenye WhatsApp hufanya kazi nusu nusu.

Kuzijaribu orodha hizo kwa udadisi kuna hatari. Mwaka 2012, katika mkutano wa Ekoparty jijini Buenos Aires, mtafiti Ravi Borgaonkar alionyesha kwamba kiungo kwenye ukurasa wa wavuti kiliweza kuifanya simu ya Samsung ijipigie yenyewe msimbo wa kufuta kila kitu, bila kumwuliza mwenyewe. Samsung walitoa marekebisho, na simu za Android za leo kwa kawaida husubiri mtumiaji abonyeze kitufe cha kupigia kabla namba iliyotoka kwenye kiungo haijatekelezwa. Msimbo alioubonyeza mtu kwa kidole chake mwenyewe hauna kinga hiyo.