Jedwali Lilijua: Challenger na Namba za Wataalamu

Kimya changu ni kazi tu: tunajaza jedwali la hitilafu kabla ya kuwasha mfumo mpya. Kila hitilafu inapewa alama tatu, 1 hadi 10: ukubwa wa madhara, uwezekano wa kutokea, na ugumu wa kuigundua mapema. Unazizidisha, halafu unaanza na yenye jumla kubwa. Mizizi yake ni waraka wa jeshi la Marekani wa 1949, MIL-P-1629, ingawa huku kuzidisha kulikuja baadaye.

Lakini alama zenyewe hutoka wapi? Vichwani mwa watu. Hapo ndipo penye kisa.

Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Watu 7 wakafa. Pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi ya pembeni zilikuwa zimekakamaa kwa baridi. Kinachoniuma ni kwamba pete hizo hazikusahauliwa na mtu. Tangu Desemba 1982 zilikuwa kwenye orodha ya NASA, daraja la 1: zikishindwa hakuna cha akiba, chombo na watu wanapotea. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa Thiokol, akiwemo Roger Boisjoly, walishauri chombo kisirushwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit (kama 12 za Selsiasi). Wakuu wao wakawapuuza.

Mwanafizikia Richard Feynman, mjumbe wa tume ya uchunguzi, aliuliza: uwezekano wa kupoteza chombo ni upi? Wahandisi walikadiria kama 1 kwa 100. Uongozi: 1 kwa 100,000! Feynman akaonyesha kwamba hiyo ni sawa na kurusha kila siku kwa miaka 300 na kupoteza kimoja tu.

Mradi ulipofungwa 2011, safari zilikuwa 135 na vyombo vilivyopotea 2 (Columbia ilifuata 2003). Gawanya mwenyewe: kama 1 kwa 68.

Basi kazini nimeomba kila mtu aandike alama zake kwenye karatasi kabla meneja hajafungua mdomo. Juzi tulifika kwenye mteja kukatwa pesa mara mbili. Kwa uwezekano mimi niliandika 2, dada wa huduma kwa wateja akaandika 8. Yeye ndiye hupokea simu. Tumeweka 8.