Mkondoa na Mji Wake

Maji yapitayo Kilosa hatima yake ni mkondo wa bahari wa Unguja. Mkondoa hushuka kutoka milima ya Usagara, hupita ubavuni mwa mji, huingia Wami, na Wami humwagikia baharini karibu na Saadani. Njia hiyo ya maji ndiyo iliyouzaa mji. Misafara ya Bagamoyo, ikisha kuhangaika katika matope ya uwanda wa Mkata, ambao sehemu yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ililiona bonde la Mkondoa kuwa mlango wa kupenyea milimani. Stanley alipita huko katika masika ya 1871.

Carl Peters alianzia Saadani. Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero, alifunga na Mangungo mkataba ulioandikwa kwa Kijerumani. Humo Mangungo anatajwa kukiri kwamba hakuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hata hakujua kuwa Sultani huyo yupo. Neno hilo la pili lastahili kutazamwa. Mtu aliyeishi jirani na njia iliyopandisha nguo na shanga za Unguja na kuteremsha pembe, asimjue Sayyid Barghash hata kwa sifa? Hati haikuandikwa isomwe Msovero, ilikusudiwa Berlin. Februari 1885 Kaisari Wilhelm I akatoa waraka wa ulinzi; Barghash akapinga, na mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake.

Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ililifuata bonde lile lile. Ikaja stesheni, yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba, na katika miaka ya 1960 tawi la kwenda Kidatu kupitia Mikumi.

Lakini mto haukuacha kudai njia yake. Mwishoni mwa Desemba 2009 ulivunja tuta lililojengwa kuuzuia, ukaingia majumbani, ukang'oa reli. Maelfu ya watu wakahamia mahemani.

Tangu 2024 treni ya umeme iendayo Dodoma hupita Kilosa. Waliojenga njia yake hawakuuamini mto. Walitoboa milima kwa mahandaki. Wakazi wa ukingoni wamebaki na tuta, na mvua ikishika huko juu Mpwapwa, hata Kilosa ikiwa kavu, hutoka kwenda kulitazama.